Ukisoma riwaya ya Mhindi wa kwetu, anza na majina

Wengi tukishika riwaya za Wahindi wa Afrika Mashariki, hasa wale waliohamia Kanada na Uingereza wakaandikia huko, tunatafuta kitu kimoja tu, wametusema vibaya au vizuri, basi kitabu tunafunga. Mi nasoma hivi.

Chukua penseli. Sisi mtaani wote ni Wahindi tu, lakini humo ndani kuna Khoja, Bohora, Banyani, Singasinga, Mgoa, na hawaozani hovyo hovyo, sasa kila jamii ikitajwa we zungushia, utashangaa ugomvi mwingi ni wao kwa wao wala haukuhusu. Mwandishi M.G. Vassanji, kazaliwa Nairobi 1950 akakulia Dar, yeye kabuni kabisa jamii anaiita Shamsi, ila aliyekaa Upanga, mtaa wa Wahindi wengi hapo Dar, anajua hao ni Ismailia, wale Khoja wa Aga Khan.

Afu hapa ndo penyewe, tafuta Mwafrika gani ana jina. Boi, yaya, mpagazi, hao wanapita tu na trei. Kwenye The Gunny Sack (1989) babu Dhanji Govindji anapewa mjakazi, Bibi Taratibu, anazaa naye mtoto Huseni, baadae anaoa mke Mhindi mwenzie na bibi wa watu anawekwa pembeni. Rudi kwenye kurasa zake usome polepole, hesabu ni mara ngapi anafungua mdomo mwenyewe. Sasa msimuliaji, Salim, ni kitukuu cha huyo huyo Bibi Taratibu, na nyumbani wanamwita Kala, yaani mweusi! Walimficha bibi, sura ikaja kutokea kwa kitukuu. Hapo mi niliweka kitabu chini kidogo.

Miaka nayo iandike pembeni: 1971 majumba yanataifishwa Tanzania, 1972 Amin anawapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Angalia safari ikianza nani anabaki na funguo.

Ukimaliza, penseli hiyo hiyo ihamishie kwenye riwaya zetu za Kiswahili, maana na sisi bana tuna yetu. Mi nilichukua tatu za kwenye kabati langu, Mhindi yumo zote, kakaa dukani anasema "veve nataka nini", na jina lake nimelitafuta mpaka ukurasa wa mwisho, hamna, ni "Mhindi mwenye duka" tu.