Kutunga swali la A, B, C, D: anzia kwenye kosa la mwanafunzi

Walimu wengi hutunga swali la kuchagua jibu hivi: wanaandika swali, wanaweka jibu sahihi, halafu wanaanza kukodolea dari macho wakitafuta majibu mengine matatu ya kujazia nafasi. Hayo matatu, vipotoshi, ndiyo hutungwa kwa haraka zaidi, na ndiyo huharibu mtihani. Mimi nafundisha hesabu na masomo ya jamii katika shule ya msingi hapa Lamu, na ninachokuomba mwalimu mwenzangu ni kugeuza mpango huo. Kusanya makosa kwanza, swali lije baadaye.

Makosa unayo tayari, yamejaa kwenye madaftari unayosahihisha kila jioni. Tuseme unataka kupima kutoa kwa kukopa. Waandikie ubaoni 402 − 178, bila machaguo, kila mtoto aonyeshe njia. Wengine watapata 224, ndilo jibu. Wapo watakaoleta 376: hao hutoa tarakimu ndogo kwenye kubwa popote ilipo, kwa hiyo mbili toa nane kwao ni sita, na sufuri toa saba ni saba. Wapo wa 334, wanaokopa bila kupunguza walikokopa. Halafu kuna wa 234, ambao wamekopa kwenye mamia vizuri, ila wamesahau kwamba kumi za katikati nazo zimetoa moja kuwapa mamoja. Machaguo yamejitunga yenyewe:

A. 224
B. 234
C. 334
D. 376

Aliyechagua B na aliyechagua D wote wamekosa alama, lakini dawa yao si moja. Wa B utamweka sawa kwa mfano mmoja ubaoni. Wa D mrudishe kwenye vijiti na mafungu ya kumi kumi, maana hajaelewa kukopa ni nini. Ungeweka 12 au 9,000 kama kipotoshi, hakuna ambaye angeichagua, na wewe usingejua lolote. Tazama pia kwamba nimezipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Ukipanga kwa hisia, mkono wako utapenda kulificha jibu kwenye B au C, na watoto huigundua tabia hiyo mapema kuliko unavyodhani.

Kwenye masomo ya jamii kazi ni ile ile. Chukua swali hili: "Vyombo vilivyotoka Uarabuni na Bara Hindi kuja Lamu vilisukumwa na upepo upi?" Jibu ni kaskazi. Kipotoshi cha kwanza ni kusi, kwa sababu watoto wengi hudhani upepo huitwa kwa upande unakokwenda, kumbe ni unakotoka. Ongeza matlai na umande, ambazo ni pepo za saa za siku na si za msimu. Mtoto anayasikia majina hayo kwa wavuvi kila uchao na kuyachanganya. Yote manne ni pepo. Ukitia "punda" humo ndani, umebaki na machaguo matatu na kichekesho.

Sasa jambo linalotuhusu sisi tunaotunga kwa Kiswahili: ngeli hutoboa siri. Soma hili:

Yaliyohamwa na wakazi wake katika karne ya 17 ni
A. Ngome ya Lamu
B. Msikiti wa Riyadha
C. Magofu ya Takwa
D. Nguzo ya Vasco da Gama

Mtoto asiyejua Takwa iko kisiwa cha Manda wala ilikuwa nini atachagua C, kwa sababu "yaliyo-" haikubali kitu kingine hapo. Umempima sarufi. Isitoshe, hakuna anayeishi ndani ya nguzo. Litunge upya: "Ni mji upi wa mawe uliohamwa na wakazi wake katika karne ya 17?" halafu uweke Lamu, Shela, Siyu na Takwa. Yote ni miji, ngeli ni moja, na anayejua ndiye atakayepata. Kila ukimaliza kutunga, soma shina la swali, yaani maneno yaliyo kabla ya machaguo, pamoja na kila chaguo kwa sauti. Sikio litakamata kabla ya jicho.

Shina lenyewe lisimame peke yake: funika machaguo kwa rula, na mwanafunzi mzuri aweze kulijibu. "Samaki ni..." si swali. Jibu sahihi lisiwe refu kuliko mengine, maana tuna ugonjwa wa kulipamba kwa maelezo ili lisibishwe. "Yote hapo juu" mimi siitumii kabisa. Mtoto akitambua mawili ni kweli amekwisha kuokota alama. "Si" ukilazimika kuitumia, iandike kwa herufi kubwa zilizokolezwa.

Mitihani ya kununua nayo ina lake. Tuliwahi kuletewa mmoja kutoka bara wenye swali la hesabu lililosimama juu ya taa za barabarani: ngapi zimewaka, gari limesubiri dakika ngapi. Mji wetu vichochoro vyake ni vya punda na watembea kwa miguu. Watoto walikwama kwenye taa, hesabu hawakuifikia. Lakini tusilalamike sana, kwani nasi tukitunga mtihani wa kaunti nzima tukajaza majahazi na bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, mtoto wa Mpeketoni aliyekulia kwenye shamba la mahindi tunamfanyia yale yale. Kama jambo halikufundishwa darasani, lisiwe ufunguo wa swali.

Machaguo mangapi? KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, tangu 1985 hadi ulipofungwa 2023, ulituzoesha manne. Lakini mtafiti Michael Rodriguez, katika uchambuzi wa mwaka 2005 uliokusanya tafiti za miaka 80, aliona matatu mazuri yanatosha. Ni kweli kubahatisha kunapanda kutoka robo hadi theluthi, ila chaguo la nne likiwa halichaguliwi na mtu, robo hiyo ilikuwa ya karatasini tu. Ukikosa kosa la tatu la kweli, acha.

Mtihani ukishafanywa, usitie karatasi kabatini. Toa kumi zilizofanya vizuri zaidi na kumi zilizofanya vibaya zaidi, uhesabu kila herufi ilichaguliwa na wangapi katika kila kundi. Kipotoshi kisichoguswa na kundi lolote, kibadilishe. Wazuri wakikimbilia jibu usilolitarajia, huenda wako sahihi kuliko orodha yako ya majibu, au swali lina majibu mawili. Liondoe kabla hujasoma alama mbele ya darasa.

Lililopita salama liandike kwenye kadi, nyuma uweke gredi na hesabu hiyo ya herufi. Mwakani badilisha tarakimu tu: 503 − 267 huzaa makosa yale yale. Jibu ni 236, vipotoshi ni 246, 346 na 364.