Jinsi ya kukagua gari la familia kabla hujalipa

Mwambie muuzaji mapema asiliwashe gari kabla hujafika. Injini ikishapata moto huficha kasoro nyingi, ndiyo maana hatua ya kwanza naipa uzito kuliko zote.

Hatua ya 1: Injini ikiwa ya baridi. Gusa bonneti. Ikiwa na joto, ahirisha. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ukikuta oili imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi (kizibo kilicho kati ya injini na kichwa chake) ndiyo imeungua. Fungua rejeta uone kama maji yana utando wa mafuta. Sasa mtu awashe, wewe simama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto ni maji yanayoungua ndani ya silinda. Mvuke mwepesi wa asubuhi unaopotea baada ya muda usikutishe.

Hatua ya 2: Taa za dashibodi. Washa swichi bila kupiga stata. Taa za injini, ABS (breki zinazozuia magurudumu yasigande) na eabagi (mfuko wa hewa wa ajali) ziwake. Za ABS na eabagi kwa kawaida huzima baada ya muda mfupi au injini ikiwaka, ya injini huzima injini ikiwaka. Taa isiyowaka kabisa hunitia shaka kuliko ile inayogoma kuzima, maana wapo wanaoikata ili mnunuzi asijue.

Hatua ya 3: Leta familia nzima. Watoto wakae nyuma, viti vya mbele vikiwa vimesogezwa mnavyokaa kila siku. Funga kiti cha mtoto kwenye vishikio vya ISOFIX (vyuma vya kukishikia kiti hicho, kwenye kiti cha nyuma), pakia kigari chake kwenye buti. Vuta kila mkanda kwa ghafla, lazima ukamate. Halafu uvute taratibu mpaka mwisho wake: tope au madoa ya maji kule ndani ni dalili ya gari lililozama kwenye mafuriko, hata kama viti vimeoshwa vikang'aa.

Hatua ya 4: Tairi. Soma tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi, ndizo zinazoonyesha lilipotengenezwa: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi iliyolika upande mmoja inaelekeza kwenye alaimenti (mpangilio wa magurudumu) au bushi (raba za kwenye maungio ya chini).

Hatua ya 5: Endesha, redio ikiwa imezimwa. Kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole. Ukisikia ta-ta-ta kwenye magurudumu ya mbele, jointi za ekseli ya mbele zimekwisha. Kwa gia ya otomatiki, toa P (ya kuegesha) weka D (ya kwenda mbele): isichelewe kushika wala isibamize. Barabarani penye nafasi, funga breki. Gari lisivute upande.

Hatua ya 6: Karatasi na fundi. Linganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi ya gari. Kisha lipeleke kwa fundi uliyemchagua wewe, alipandishe juu akague chini. Mwombe akuandikie kila kinachohitaji matengenezo na gharama yake, uende na karatasi hiyo kwenye mazungumzo ya bei.