Kukimbia, gemu na mtoko: namna ya kuipanga Jumamosi moja ya Dar es Salaam

Kijana aliyeajiriwa, ambaye siku tano za juma huzimaliza kati ya kazini na daladala, hubakiwa na Jumamosi moja ya kufanyia yote anayoyapenda. Kosa la wengi wetu ni kuanza na gemu. Mbio huisha miguu ikichoka na mtoko huisha mmoja anapotakiwa kurudi kwao, lakini gemu haina kikomo chake yenyewe, hivyo usipoiwekea jambo lingine mbele yake itakwenda nawe mpaka umeme wa Luku uishe. Kimbia kwanza, cheza katikati, kisha toka na mwenzako jioni.

Maandalizi yafanyike Ijumaa usiku. Weka viatu na soksi karibu na mlango, halafu kubaliana na mwenzako mahali na saa kamili, kwa kuwa neno “jioni” katika jiji hili linaweza kumaanisha saa 10:00 au saa 1:00 usiku, na kila mmoja akawa na haki ya kukasirika.

Anza kukimbia saa 12:00 asubuhi, kabla jua halijakuwa kali na magari hayajajaa. Njia ninayoipenda huanzia Coco Beach, ikafuata Barabara ya Toure na kuvuka Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 na lenye urefu wa takriban kilomita moja. Darajani upepo wa bahari huja kwa ubavu, nawe utajiona mwepesi kuliko ulivyo, usiongeze kasi. Kipimo rahisi ni mazungumzo: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, umezidisha. Anayeanza atembee dakika mbili kila baada ya dakika tano za kukimbia, bila kuona aibu mbele ya vikundi vya jogingi vinavyompita vikiimba. Hata anayeziwania kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yake kwa mwendo wa polepole.

Ukirudi, kunywa maji, oga, kula chapati na maharage, ndipo ushike pedi ya kuchezea gemu. Mchezo wa mpira ambao tangu mwaka 2023 unaitwa EA Sports FC, ingawa mtaani bado tunauita FIFA, una hila yake: mechi yenye vipindi vya dakika sita, ukijumlisha marudio ya magoli na kubadilisha wachezaji, hula karibu robo saa. Kwa hiyo hesabu mechi badala ya saa, na mechi ya mwisho ianze si chini ya saa moja na nusu kabla ya muda wa kuondoka nyumbani. Nasema haya kwa sababu niliwahi kuanza “moja ya mwisho” saa 9:40 alasiri, ikaenda muda wa nyongeza, ikaenda penalti, na nilipofika ufukweni kwa bajaji nilimkuta mwenzangu ameshamaliza sahani yake ya mihogo na anaifanyia kazi ya kwangu. Penalti zenyewe nilikosa.

Mtoko wa kwanza hauhitaji hoteli. Mihogo ya kukaanga, kachumbari, pilipili na dafu pale Coco vinatosha, na kutembea kando ya maji hurahisisha mazungumzo kwa watu wanaoona haya kutazamana. Jadilini mapema nani analipa nini. Ni bora kuliko kupapasa mifuko muuzaji akiwa amesimama. Simu iwe mfukoni, na habari za kilomita zako zisizidi dakika tano, isipokuwa ameuliza.

Ikiwa naye anapenda gemu, mwalike siku nyingine na umpe pedi nzima, wala si ile ambayo kijiti chake cha kushoto hujisogeza chenyewe hadi mchezaji anatoka nje ya uwanja peke yake. Ile ishike wewe.

Jumapili pumzisha miguu na shughulikia viatu. Ng’oa kamba na soli za ndani, sugua chumvi na mchanga kwa brashi laini na maji ya kawaida, jaza magazeti ndani, kisha anika kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu gundi. Badilisha magazeti jioni yakishalowa. Kufikia Jumanne alfajiri viatu vitakuwa vimekauka.