SOMO: Mtoto wa la pili hajui kusoma na hesabu zinamgomea? Mimi nafanyaga hivi huku Dodoma

Habari zenu walimu wenzangu na wazazi. Hili somo la KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, nimeliahidi siku nyingi, leo umeme upo na wanangu wamelala, twende.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa la kwanza, watoto 94, shule ya kijijini upande wa Chamwino. Nikachora chati ya silabi ukutani, ba be bi bo bu mpaka mwisho, kila asubuhi fimbo ya kuonyeshea na sauti juu, aliyepita njiani alijua humu ndani wamekaa wasomi watupu. Likizo ya mwezi wa sita ukuta ukapakwa chokaa. Tumerudi nikaandika "me" ubaoni, peke yake. Kimya. Kumbe walikuwa wanajua "me" inakaa mstari gani, silabi yenyewe hawaijui, na mimi miezi sita yote nafundisha wimbo.

HATUA YA 1: Pima mmoja mmoja
Muite mtoto pembeni, chini ya mti hata, mwenzake asisikie. Anza na herufi, halafu silabi, maneno, sentensi, mwisho kihadithi cha mistari mitano. Anapokwama ndo kiwango chake, andika kwenye daftari. Usitumie ukurasa wa kitabu cha shule maana wameshaukariri, tunga mwenyewe, na silabi uzivuruge: ki, so, ma, tu. Hesabu hivyohivyo: kutambua namba, kujumlisha, kutoa. Darasa la watoto 90 litakula wiki nzima, liache lile. Ukisubiri upimaji wa KKK wa darasa la pili ndo ugundue, umechelewa.

HATUA YA 2: Panga kwa kiwango, sio kwa darasa
Hii ndo njia waliyoieneza Pratham, shirika la elimu la India, na sasa inatumika nchi nyingi za Afrika. Kila siku saa moja, wa la tatu asiyejua silabi anakaa na wa la pili asiyejua silabi, basi. Baada ya wiki nne au tano unapima tena, aliyevuka anahama. Makundi niliyapa majina ya Zabibu, Ubuyu na Karanga ili wasijisikie vibaya, lakini watoto sio wajinga, siku ya tatu tu walishajua Karanga ndo nani. Kinachowatuliza ni kuona wenzao wanahama kweli.

HATUA YA 3: Sauti kwanza, jina la herufi baadaye
Kiswahili kimetupendelea jamani, irabu ni tano tu na hazibadiliki, "a" ni "a" popote utakapoikuta. Ila ukimfundisha a, be, che, de halafu ukamwambia aunganishe, atakwambia be na a ni "bea", na hajakosea, wewe ndo umemwambia inaitwa be. Mwambie sauti yenyewe, midomo ifunge, b, kisha a, ba. Usipange herufi kwa alfabeti, anza na chache zinazozaa maneno mengi. Ukiwa na m, k, l, t na zile irabu tano tayari una mama, kaka, kula, lala, tatu, kamata, unatunga sentensi wiki hiyohiyo. Ongeza d wasome Dodoma, uone wanavyochekelea.

Sehemu ngumu ni m inayosimama peke yake. Watoto wangu wengi wanaandika "mutu", "mutama", nyumbani wanaongea Kigogo na kwa Kigogo mtu ni munhu, so anaandika anachokisikia. Usimcheke. Piga naye makofi, m-ta-ma, makofi matatu, na la kwanza mdomo umefungwa. Siku chache anashika. Mb, nd, ng', ch, sh zije mwisho, moja moja.

HATUA YA 4: Hesabu ishikike mkononi
Hapa nakaa kidogo. Mwambie mtoto aandike kumi na tatu, wengi watakuandikia 103. Mnamkemea bure, kasikia kumi kaandika 10, kasikia tatu kaandika 3. Jina lenyewe linakusaidia, kumi NA tatu, bunda moja na vijiti vitatu. Balaa linaanza kwenye ishirini, thelathini, arobaini, maneno ya Kiarabu hayo, mtoto hasikii kumi popote ndani yake. Mimi nasema yote mawili: makumi mawili, yaani ishirini, makumi matatu, yaani thelathini, mpaka wazoee.

Vifaa havina gharama. Mabua ya mtama au uwele yamejaa shambani baada ya mavuno, kata vijiti, funga kumi kumi kwa nyuzi za viroba. Sasa mpe 32 toa 7. Asiyeelewa atakwambia 35, kachukua saba katoa mbili. Mwekee mabunda matatu na vijiti viwili, mwambie nipe saba. Ataangalia viwili vyake, ataangalia mabunda, halafu atafungua bunda mwenyewe. Vinakuwa 12, anatoa 7, vinabaki 5 na mabunda mawili, 25. Ile "kukopa" tunayowaimbia ubaoni hapo ndo anaiona kwa macho. Vijiti vikae wiki kadhaa, halafu achore, namba tupu ndo zifuate.

MASWALI YENU

Ticha wa Bahi: Madam mimi niko peke yangu na watoto 110, hayo makundi nayasimamiaje?
Jibu: Huwezi yote kwa mpigo, mkuu. Wanaosoma hadithi wasomeane wawili wawili, wa maneno wape kadi za maboksi wapange sentensi, wewe kaa na wa silabi. Kelele zitakuwepo, muandae mwalimu mkuu mapema.

Mama Neema: Mwalimu mie niliishia la tano na nyumbani hatuna kitabu, mwanangu nitamsaidiaje?
Jibu: Mama, kitabu ni chochote chenye maandishi. Mfuko wa unga, paketi ya majani ya chai, maandishi ya kwenye daladala. Yeye asome, wewe sikiliza tu. Na ukimtuma dukani na elfu moja akanunue sukari ya 600, akuambie chenji kabla hajatoka mlangoni.

Mdau wa Kongwa: Bila kiboko hawa watoto hawasomi, tusidanganyane.
Jibu: Mie nilishika sana. Nikaona mwenye uoga anakariri haraka kuliko wote, na ndo haohao chokaa iliwaumbua.

Mwl mgeni, Mpwapwa: Uwele ukikomaa nusu ya darasa wanaenda kuamia ndege, wakirudi wamesahau kila kitu. Nafanyaje?
Jibu: Hilo kila mwaka linanikuta, ugomvi na wazazi haujawahi kunisaidia. Niliomba wapeane zamu nyumbani, baadhi walikubali. Wasiokubali nilimpa mtoto kadi kumi za silabi kwenye mfuko wa nailoni aende nazo shambani, kila akirudi aje na maneno matano aliyounda. Mmoja alirudi na maneno kumi na moja na kadi nane, mbili zililiwa na mbuzi. Nikamkatia nyingine.