Jinsi ya Kujifunza Historia ya Antwerp, Mji wa Biashara

Anza na ramani kabla ya orodha ya wafalme, kwa sababu ni mto Scheldt uliowezesha meli za Bahari ya Kaskazini kufika Antwerp, mji wa bandari nchini Ubelgiji. Kisha soma karne ya 16, wakati Wareno walipouza hapo pilipili manga ya Asia, Waingereza wakaleta vitambaa vya sufu, na Wajerumani wakaleta madini ya fedha na shaba. Usiharakishe unapofika mwaka 1585: majeshi ya Hispania yaliuteka mji, Waprotestanti wengi wakahamia kaskazini, hasa Amsterdam, na Waholanzi wakaufunga mto kwa biashara ya Antwerp. Baadaye mto ulifunguliwa tena, na ushuru ambao Waholanzi walizitoza meli zilizopita humo uliondolewa mwaka 1863.

Sehemu ambayo msomaji wa Afrika hapaswi kuiruka ni ile ya Kongo chini ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Fuatilia kazi ya Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli, ambaye aliona katika bandari ya Antwerp kwamba meli kutoka Kongo zilishusha mpira na pembe za ndovu kwa wingi, lakini zilirudi Kongo zikiwa na bunduki na risasi, akatambua kwamba watu wa huko walikuwa wakifanyishwa kazi kwa nguvu.