Jinsi ya kupanga akiba na mkopo kufuatana na siku ya mteja: mwongozo kwa vyama vya akiba vya Lubumbashi

Mwongozo huu nimewaandikia wafanyakazi wa vyama vya akiba na mikopo vya Lubumbashi, pamoja na viongozi wa likelemba, yaani vikundi vya kuchangishana pesa kwa zamu, wanaotaka huduma yao imfae mteja kuliko inavyomfaa sasa. Elimu ninayoitegemea inahusu jinsi watu wanavyoamua mambo ya pesa. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba kupoteza humuuma mtu kuliko kupata kiasi kilekile kunavyomfurahisha, naye Richard Thaler akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017 kwa utafiti wa jambo hilohilo la maamuzi. Ukitaka elimu hiyo ikufae, anza kwa kwenda sokoni.

Mwombe ruhusa mama anayeuza unga katika soko la Kenya, mojawapo ya komini (sehemu za mji) za Lubumbashi, kisha ukae naye tangu anapopanga meza hadi anapoifunga, ukiandika saa ambayo kila pesa inaingia na saa ambayo inatoka. Huenda ukaona kwamba asubuhi anamlipa mwenye gunia deni la jana, adhuhuri anatuma mtoto kununua makala na samaki wa nyumbani, na kwamba kuna nusu saa moja tu, karibu na saa kumi na moja jioni, ambapo faida ya siku iko mikononi mwake, faranga zimefungwa kwenye ncha ya kitenge na bado hajaja mtu wa kuziomba. Kama dirisha lenu hufungwa saa tisa alasiri, huyo mama hamtampata kamwe, na ukimwambia aje kesho asubuhi, pesa zitakuwa zimekwisha kwenda. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: tunasema watu hawajui kuweka akiba, ilhali saa zetu ndizo zinazowakataa. Wale wanaozunguka na kadi za akiba hubakiza kwa ajili yao mchango wa siku moja kila mwezi, na bado wanawake wanawapenda, kwa sababu wanafika mezani kwa saa inayofaa. Basi mtume mkusanyaji kwa saa hiyo, au mruhusu mteja aweke kwa simu kwenye kabini (kibanda cha pesa za simu) iliyo jirani na meza yake, na gharama ya kutuma mwambie mapema.

Baada ya hapo shika karatasi ya mkopo, maana hapa ndipo mteja anapoumizwa zaidi. Kuandika "asilimia 5 kwa mwezi" hakumsaidii anayehesabu kwa gunia na kwa juma. Chukua mfano wa mkopo wa dola 200 kwa majuma 16, wenye riba ya dola 40, ada ya faili dola 10 na dhamana ya dola 20 inayozuiliwa. Kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, andika hivi: "Leo unapokea dola 170. Kila juma unalipa dola 15, jumla dola 240. Ukimaliza unarudishiwa dola 20. Mkopo huu umekugharimu dola 50." Msomee mstari kwa mstari, kisha umwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe, asipoweza, karatasi ndiyo yenye kasoro. Nchini Marekani, Marianne Bertrand na Adair Morse walichapisha mwaka 2011 utafiti ulioonyesha kwamba wakopaji wa mikopo ya siku chache, walipoonyeshwa gharama inavyojumlika kwa dola, walipunguza kukopa kwa takriban asilimia 11. Kama mteja anauza kwa faranga na kulipa kwa dola, mweleze waziwazi kwamba hasara ya kubadilisha pesa itakuwa juu yake, au bora zaidi, mkubalieni alipe kwa faranga.

Ujumbe wa kukumbusha ni kazi ndogo, nao husaidia: majaribio ya Bolivia, Peru na Ufilipino yaliyochapishwa mwaka 2016 yaliona akiba ikiongezeka. Taja lengo la mteja mwenyewe, kwa mfano minervali, yaani ada ya shule: "Mama, akiba yako ya minervali imefika faranga 60,000. Septemba bado majuma tisa." Kamwe usimtishe.

Suala la kufunga akiba linahitaji uangalifu zaidi. Katika benki moja ya Ufilipino, wateja waliopewa nafasi ya kufunga pesa zao hadi tarehe au kiasi walichochagua waliikubali kwa asilimia 28, na baada ya miezi 12 akiba ya kundi lililopewa nafasi hiyo ilikuwa imepanda kwa asilimia 81 kuliko ya wengine. Lakini nchini Kenya (nasema nchi, si komini yetu), Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waligundua kwamba kisanduku cha kawaida, ambacho ufunguo wake alikaa nao mwenye akiba, kilitosha kuongeza akiba ya afya kwa asilimia 66, ilhali kuzifunga pesa kwa kusudi moja hakukuwasaidia wote. Mtu anaogopa kufungiwa pesa siku mtoto anapougua usiku. Kwa hiyo toa njia zote mbili, mwache mteja achague, na mlango wa dharura uandikwe kwenye kitabu chake tangu siku ya kwanza. Asiwekewe kufuli kimyakimya, wala bima asiyoiomba isitiwe alama kabla hajasaini. Kutoka kwenye huduma kuwe kwepesi kama kuingia.

Hatimaye, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Gawanya wateja kwa kura katika makundi mawili, moja lipate karatasi mpya na lingine libaki na ile ya zamani, na kwa miezi mitatu hesabu waliochelewa, waliotoa akiba mapema na waliokuja kulalamika. Rudi pia kwa mama wa unga umwulize kama mwezi huu amelazimika kukopa kwingine ili akulipe wewe. Akijibu kwamba amekopa, simamisha mpango, hata kama malipo yenu yameongezeka, na uwaeleze wanachama sababu katika mkutano wa kwanza unaofuata.