Kufundisha kiunzi cha neuroni kwa chaki na filimbi

Ninafundisha biolojia sekondari huku Kadutu, Bukavu. Kiunzi cha neuroni, yaani seli ya neva, kina nyuzi za protini iitwayo aktini, na uzi mmoja una upana wa nanomita 7 tu. Hata hadubini ya shule isingeuona. Ndiyo maana somo hili nalitolea uwanjani.

Mwalimu mwenzangu, chora chini kwa chaki mwiba wa dendriti, yaani kile kichomozi kidogo kinachopokea ujumbe kwenye tawi la neuroni. Mwanasayansi Mhispania Ramón y Cajal aliieleza miiba hiyo mwaka 1888.

Panga ndani yake wanafunzi kumi, kila mmoja akiwa molekuli moja ya aktini, mkono begani kwa aliye mbele: mstari huo ndio uzi. Mmoja akijiunga mbele, wa mwisho anatoka nyuma, anazunguka, anarudi mbele. Hapa usikimbize. Waache wazunguke mpaka waone wenyewe kwamba urefu ni uleule ila watu wanabadilika. Katika mwiba wa kweli, aktini nyingi hubadilishwa ndani ya dakika moja hivi, hata kama kwa nje unaonekana umetulia.

Sasa filimbi, ambayo ni kalsiamu. Huingia kupitia kipokezi cha NMDA, yaani mlango kwenye utando wa mwiba, pale glutamati, kemikali inayobeba ujumbe, inapofika na umeme wa utando umekwisha kuiondoa magnesi inayouziba mlango huo. Puliza kwa nguvu, mfululizo, muda mfupi. Mwanafunzi uliyemwita kofilini, yaani protini inayokata nyuzi za aktini, anakata mstari, kisha anashikwa asiendelee. Vipande vina ncha mpya, wenzao wanajiunga hapo, na wengine wanaanzisha matawi ubavuni. Nafasi haiwatoshi tena: futa chaki, chora mwiba mkubwa zaidi.

Rudia, safari hii ukipuliza kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Kofilini anaachiwa huru, mstari unakatika ovyo, mwiba unasinyaa.

Lazima mmoja aulize: “Mwalimu, kalsiamu si ni ileile? Mbona mara inajenga, mara inabomoa?” Kwangu mimi, swali hilo ndilo somo lenyewe. Wape muda wabishane kwanza. Halafu waeleze: kalsiamu nyingi ya ghafla huamsha kimeng’enya CaMKII, na njia inayoanzia hapo huishia kumfunga kofilini, kalsiamu kidogo ya muda mrefu huamsha kimeng’enya kingine, kalsinurini, na njia yake humfungua.

Mikrotubuli, yaani vijibomba vya kiunzi hichohicho, ziache kwa wiki nyingine. Hukaa zaidi ndani ya tawi, mwibani huingia kwa muda mfupi tu, na ukizileta siku hiyohiyo watoto wanachanganyikiwa.